Utani Ule wa Ofisini kwa Mkuu

Wiki hii nilikaa benchi moja na baba mmoja wa Mbaha, kule Ziwa Nyasa, ofisini kwa mkuu wa shule ya bweni hapa Mbinga. Binti yake wa kidato cha kwanza alisimama pembeni, kichwa chini.

"Mwalimu," baba alianza huku akivua kofia, "wenzake wanamwita Usipa. Akipita wanaziba pua. Juzi wamemwagia godoro lake maji."

Mkuu akatabasamu. "Watoto wa huku milimani wanawatania watu wa ziwani, mzee. Ni utani tu."

Nikasubiri baba akatae. "Kweli, utani," akajibu upesi, kisha akatoa zawadi aliyokuja nayo: mfuko wa usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, wakavu kabisa.

Mkuu akaunusa, akafurahi. "Usipa," akamwambia binti, "peleka nyumbani kwangu."

"Abee," binti akaitika.

Baba akacheka.

Utani ninaoujua mimi ni wa watu wawili. Mtani wangu akinikejeli msibani, namrudishia palepale, na hakuna anayelowesha godoro la mwenzake. Lakini mzazi huyu kapanda milima yote ile kumtetea mwanawe, kafika, kaona aibu kumpinga mwalimu. Kumuuza mtoto hakuoni kuwa aibu, anakuita adabu.

Binti hakumtazama mkuu. Alimtazama baba yake anavyocheka, akachukua mfuko, akatoka.