Ruta Mpya ya Kliniki

Juzi nilikuwa kwenye kliniki moja Kangemi wakati fundi akigeuza kompyuta kuukuu, kwa programu ya Linux, iwe ruta ya kugawa intaneti badala ya ile ya zamani. Muuguzi, sindano mkononi, alikuwa akipokea maagizo ya daktari wa mjini kwa video kuhusu mtoto aliyekuwa akipumua kwa shida. Fundi akabonyeza kitufe. Uso wa daktari ukaganda kwenye skrini.

"Amesema dawa kiasi gani?" muuguzi akauliza.

"Sister, hii programu imefunga kila kitu. Hata mimi siwezi kuingia."

Mama wa mtoto akaanza kusali kwa sauti. Fundi akarudisha ruta ya zamani. Tukaikodolea macho skrini.

"Nusu!" daktari akarudi akipiga kelele. "Mnanisikia? Nusu tu!"

Muuguzi akamdunga nusu, na mtoto akapata nafuu. Baadaye fundi alitueleza kwamba programu hiyo ni ya bure kabisa.