Filamu Aliyotafsiri Florent

Mume wangu Florent hupakia maboksi katika ghala moja hapa Arlington, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia ni mtafsiri wa filamu. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, kanisa letu la Wakongo huonyesha filamu, naye hushika kipaza sauti na kuwageuzia kina mama wazee Kiingereza kuwa Kiswahili. Hubadilisha sauti: mara kocha, mara refa, mara mama wa mchezaji. Nikimwambia anajishaua, hucheka tu.

Anazozipenda ni za michezo, za mambo yaliyotokea kweli. Shule ya weupe inapokea wachezaji weusi kwa mara ya kwanza, wanachukiana, halafu wanashinda pamoja. Hulia kila mara. Mimi pia hulia, na tukitoka hapo tunajiona watu wema sana.

Projekta si yetu. Ni ya Shaame, Mzanzibari anayefanya kazi zamu moja na Florent. Huileta mwenyewe, huunganisha waya, kisha hukaa nyuma kabisa. Mwezi wa tano, kipa wa timu yetu ya kanisa alipohamia Houston, Shaame aliomba nafasi hiyo. Florent ndiye kocha, na alitaka kumkubali. Mimi nilikataa, nikiwa jikoni natwanga sombe, kisamvu chetu.

"Sisi tunaomba kwa jina la Yesu kabla ya mechi. Yeye atasimama wapi? Mwambie ni mtu mzuri, lakini kila mtu acheze na wa kwao."

Florent akayabeba maneno hayo vilevile mpaka kazini. Shaame akajibu, "Sawa." Mwisho wa mwezi akaleta projekta kama kawaida, nami sikuona ajabu yoyote.

Juzi filamu ilifika pale mzee mmoja mweupe anapomshika bega mchezaji mweusi. Anamwambia kwa upole kabisa kwamba yeye ni mtu mzuri, lakini kila mtu acheze na wa kwao.

Florent alikishusha kipaza sauti, akakiinua tena. Kisha akasema, "Anamwambia aongeze bidii mazoezini."

Binti yetu Kethia, aliyekaa mbele, akageuka. "Papa, si vile amesema."

"Sasa amesema nini?" akauliza bibi mmoja.

Shaame akaisimamisha filamu, akairudisha nyuma kidogo, kama afanyavyo siku zote Florent akikosea. Mzee akasema tena. Safari hii Florent aliyatafsiri yote, bila kubadilisha sauti. Kina mama wakaguna. Yule bibi akasema mtu huyo hana haya hata kidogo, na mimi nikainamisha kichwa kwa aibu.

Filamu ilipokwisha, Florent alimfuata Shaame aliyekuwa akikunja waya.

"Nilikukosea, ndugu yangu. Njoo mazoezini Jumamosi ijayo."

"Yameisha, kaka. Ila nimeshapata timu nyingine." Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, usimlaumu mumeo. Namjua, maneno yale si yake. Kuna mtu alimlisha maneno."

Florent alikuwa akitazama sakafu. Angeweza kunitaja, na hakunitaja.

"Ndiyo, shemeji," nikasema. "Watu wa kanisa hawa, we waache tu."

Nikamfungulia mlango, maana mikono yake ilikuwa imejaa projekta.