Kanga Juu ya Mbao

Ipo asubuhi moja isiyonitoka kichwani, mwanangu, ingawa mvi sasa zimeanza kunitembelea. Nilikuwa nimemaliza chuo na kufungua karakana ndogo ya useremala Nzuguni, hapa Dodoma, na kanisa moja la Mkonze lilikuwa limenipa kazi yangu ya kwanza: mabenchi. Wazee wa kanisa walinionya kwamba benchi litakalochana nguo ya muumini litarudi kwangu, na kazi yote atapewa mwanamume. Nilihitaji mashine ya msasa.

Baba mdogo, seremala wa siku nyingi pale Kikuyu, alinisindikiza mjini kuinunua, kwa kuwa aliamini binti akienda peke yake hauziwi kitu cha maana. Mimi nilibeba kipande cha mbao ya mninga, ile ile ya mabenchi, kwenye mkoba.

Dukani, muuza duka hakunitazama, akamgeukia Baba mdogo. "Shikamoo, mzee. Fundi wako anataka ipi?"

"Fundi ni mimi," nikasema.

Akacheka, akanisogezea kamashine kepesi. "Basi chukua hii, dada. Haichoshi mikono, na rangi yake nzuri."

"Iwashe."

"Inawaka, usiwe na shaka."

"Hata taa inawaka. Nataka nione inavyokula mbao."

Baba mdogo akanivuta mkono. "We mtoto, unanitia aibu! Chukua hilo grainda kubwa twende. Mafundi wote wanatumia hilo."

Nilimheshimu, lakini sikuondoka. Nikaweka mninga juu ya kaunta. Wateja wakaanza kusogea, na muuza duka, kwa kutaka tu nimwondokee, akachomeka waya. Kale kepesi kalivuma vizuri hewani. Nilipokakandamiza kwenye mbao, kakazimika. Grainda likachimba miduara. Mashine ya tatu, ya kutetemeka, yenye mfuko wa vumbi, ikapita kwa utulivu. Nikavua kanga begani, nikaiburuza juu ya mbao. Palipopita grainda, kanga ilinasa. Palipopita ya tatu, iliteleza hadi sakafuni.

"Hii. Karatasi zake za msasa na kaboni za mota yake mnazo? Nionyeshe."

"Atakayemuoa huyu ana kazi!" mteja mmoja akadakia.

"Kazi ipo," nikamjibu. "Atapaka vanishi."

Jumapili mabenchi yalipozinduliwa, Baba mdogo alikaa mbele. Mahubiri yote, kiganja chake kilikuwa kikipapasa ukingo wa benchi kutafuta kibanzi. Hakukipata. Tulipotoka nje akakohoa kidogo. "Mwanangu, randa yangu ya umeme imechoka. Kesho utanisindikiza dukani?"

Basi, mwanangu, usichague mashine kwa rangi, wala kwa ukubwa, wala kwa sababu wote wanayo. Nenda na mbao ya kazi yako. Ishike mashine yenyewe mpaka mkono wako uizoee. Uliza kama vipuri vyake vinapatikana hapa hapa Dodoma, na vumbi litakwenda wapi, maana mapafu hayana duka. Wakikuita mkaidi, itika.

Mungu ayalinde macho yako na vidole vyako vyote, na kila watakapokuambia chukua twende, akupe sauti ya kusema: iwashe.