Tulimsomea Msichana Asiye na Jini

Juzi asubuhi nilikuwa kwa kibanda ya chai hapa Waberi. Msichana wa koleji alikaa kwa benchi, macho amefunga, mkono kwa kifua, anavuta pumzi pole pole.

Mama wa chai akaruka. "Wallahi, huyu ameingiliwa na jini!"

Akamwagia maji ya dua kichwani. Sisi wengine tukamsomea Ayatul Kursi kwa sauti, mpaka msichana akaanza kutetemeka.

"Eedo, shangazi yangu, sina jini! Naogopa mtihani. Mwalimu alitufundisha kupumua hivi, roho itulie."

Nilicheka mpaka mtandio ukaniteleza. Lakini yeye aliinuka amelowa, analia, akarudi nyumbani. Mtihani hakufanya.

Maskini, alitaka tunyamaze kidogo tu. Na kunyamaza ndio kitu wamama wa Waberi hatujui.