Kwaresima Niliyofunga kwa Hofu

Nakushukuru, ee Mungu Baba, uliyeumba moyo na ukaumba utumbo, wala hukukionea haya kimojawapo. Umenifikisha umri wa kusimulia niliyoyaficha. Nisaidie niyasimulie kwa ukweli.

Mwezi uliopita nilikuwa nikigeuza godoro la mjukuu wangu hapa Cheyo, harufu ikanipokea. Wewe uliyewahi kulea unaijua: si ya mkojo, ni ile nyingine, iliyokaukia kwenye nguo na kufichwa siku nyingi. Zilikuwa chupi nne, zimekunjwa vizuri kama barua. Nilizifua kwa sabuni ya mche bila kumgombeza mtu, nikazungumza na mama yake, na kesho yake mtoto akapelekwa hospitali. Anaendelea vizuri, Mungu asifiwe. Lakini mikono ikiwa ndani ya beseni lile, nilikuwa nimerudi Ng'ambo nilikokulia, nina miaka tisa, na ninaogopa.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani, tena katekista wa kigango chetu. Siku za kazi alishona barazani. Jumamosi alitufundisha sisi watoto tuliojiandaa kwa Komunyo ya Kwanza. Mama alikaanga karanga na kuziuza sokoni. Mimi ndiye mtoto wao wa pekee aliyeishi, kwa hiyo walinitazama sana, na kwa sababu hiyohiyo niliogopa kuwaangusha.

Hofu ilianzia choo cha shule. Kilikuwa shimo refu lililofunikwa kwa magogo na udongo, na mlangoni lilining'inia gunia. Siku moja kandambili ya msichana mmoja ilimponyoka ikatumbukia. Tulisikiliza. Kimya kilikuwa kirefu mno, kisha kikasikika kishindo kidogo cha majimaji. Tangu siku ile sikuingia tena. Nilibana asubuhi nzima, nikabana njiani, na baadaye hata nyumbani nikawa siwezi, kwa kuwa kila shimo niliona ni lilelile. Siku tano, siku saba. Mwishowe choo kilitoka kigumu kikanichana, nikaona damu. Basi nikawa na hofu mbili: ya shimo, na ya maumivu. Haja ikinijia nilisimama ukutani, nikabana miguu huku jasho likinitoka, hadi ipite.

Halafu kikaanza kitu nisichokielewa. Kilinitoka chenyewe, chepesi kama uji, bila taarifa. Wakati mwingine sikuhisi chochote hadi Editha, aliyekaa nyuma yangu darasani, alipopiga kelele.

"Dirisha! Fungueni dirisha, Tereza kaja!"

"Yako wazi yote!" mwingine akajibu.

"Basi bomoeni ukuta!"

Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka nao ili wasione kwamba ninalia. Tangu hapo jina langu likawa Dirisha.

Chupi nilizifukia kwenye kichuguu nyuma ya nyumba. Nilikuwa nazo tatu tu, kwa hiyo jambo halikukawia kuonekana. Mama aliponiuliza nikasema mbuzi wa jirani amezila kambani. Maskini mama, alijifunga kanga akaenda kumkabili mwenye mbuzi.

"Mzee Kasele, huyu mbuzi wako anataka kuvaa au anataka kula?"

"Shemeji, mbuzi wangu amefungwa tangu juzi, ana kidonda mguuni!"

Waligombana hadi majirani wakatoka nje. Leo nacheka. Siku ile nilijificha nyuma ya mtungi, nikijua nimeongeza dhambi ya uongo juu ya ile nyingine. Kujichafua niliamini ni dhambi. Nilidhani Mungu ameuona uchafu ndani yangu na ameamua kuutoa nje watu wauone, kabla sijathubutu kuipokea Ekaristi.

Kwaresima ikaingia. Baba akatufundisha habari za kufunga, na mimi nikapata akili ya kitoto: tumbo lisipoingiza kitu halitatoa kitu. Nikaacha uji wa asubuhi. Nikaacha maharage. Hata maji nikawa nalamba tu. Ugali nilioshindwa kuukataa niliumega kidogokidogo nikampa kuku.

Nyumba ingekuwa ya watu wengine, labda wangeshtuka mapema. Nyumbani kwa katekista walifurahi. Baba alinitazama machozi yakimlenga. "Mama Tereza, mtoto huyu Mungu amemgusa." Akalisema hata kwenye sala za jumuiya, mbele ya majirani: binti yake wa miaka tisa anafunga kuliko watu wazima. Wanawake wakanishika kichwa. Mmoja akasema nitakuwa sista. Na mimi nikiwa katikati yao, nimekaa upande ili harufu isifike, nikajua sasa siwezi kusema tena. Ningemwambiaje baba kwamba utakatifu wote ule aliousifu ulikuwa wa chupi?

Tumbo nalo likauma na kujaa. Usingizini nilitumbukia shimoni, na sikusikia nikifika chini.

Zilipobaki wiki mbili kabla ya Komunyo, baba aliniita kulijaribu gauni. Alikuwa amelikata mwanzoni mwa Kwaresima kwa vipimo vyangu, kitambaa cheupe chenye maua madogo ya kufumwa. Akanisimamisha juu ya kigoda, akanivalisha, akaanza kubana kwa pini. Mabegani likapwaya. Kiunoni likakataa kufunga. Baba akatoa futi kamba shingoni, akanipima, akafungua daftari lake la vipimo, akanipima tena. Fundi hupunguza nguo au huongeza. Hajawahi kuona mwili uliokonda mikono na kifua huku tumbo likinenepa. Aliweka kiganja juu ya tumbo langu, na nikaona uso wake ukibadilika.

Wakati huohuo ikanitoka. Ilishuka mguuni, ikaingia kwenye pindo jeupe.

Sijawahi kuogopa hivyo hadi leo, na nimeshazika mume. Nilitazama mkasi. Nilitazama mkanda wake. Baba aliinama. Alianza kutoa pini moja moja, taratibu, akizibana midomoni kama kawaida yake, na alipomaliza zote akazitema kiganjani.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu Krismasi."

"Na huko kufunga?"

"Nilifunga ili kisinitoke."

Baba akaketi sakafuni. Katekista mzima, chini, kati ya vipande vya vitambaa. Kisha akamwita mama, wakaniogesha wote wawili, na baba akanipakia kwenye baiskeli hadi zahanati.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo, Mnyamwezi wa Bukene. Aliniita mayu, yaani mama, kama wanavyobembelezwa wasichana kwetu. Alinilaza, akanibonyeza tumbo upande wa kushoto hadi chini ya kitovu.

"Anahara, siyo?" baba akauliza.

"Hahari, katekista. Amejaa. Shika hapa. Unasikia kama mihogo? Hicho ni choo cha siku nyingi kimekuwa jiwe. Kinachomchafua ni majimaji yanayopita pembeni ya jiwe. Utumbo umetanuka, hausikii tena, naye hawezi kukizuia."

"Kwa hiyo si ukaidi?"

"Si ukaidi, si uvivu, si pepo. Na asipigwe. Mtoto akiogopa, ndiyo anazidi kubana."

Alinitibu kwa dawa siku tatu hadi jiwe likatoka. Sitaeleza zaidi, ila nililia, na mama alinishika mikono. Kisha tukapewa dawa ya kunywa kila siku, pamoja na maagizo: maji mengi, mlenda, maharage, papai, na kukaa chooni kila baada ya chakula, miguu ikiwa imekanyaga kitu imara, bila haraka na bila kelele. Baba alikitoboa kile kigoda katikati akakiweka juu ya shimo la nyumbani, akaweka na tofali mbili za kukanyagia. Alikaa nje ya mlango akiimba nyimbo za Mariamu ili nijue yupo.

"Ataendelea kuchafuka," muuguzi alikuwa ameonya. "Itachukua miezi mingi. Dawa msikatishe mkidhani amepona."

Miezi, na Komunyo ni wiki ijayo! Nilimwomba baba aniache hadi mwaka unaofuata. Akasema Yesu hakuwahi kumwambia mgonjwa asubiri apone ndipo aje.

Asubuhi ya Komunyo, kanisa halijaanza kuimba, tukiwa tumepangwa uani wawili wawili na Editha yuko nyuma yangu, nikahisi joto. Nilikauka. Mama, ambaye alikataa kukaa na wenzake ndani, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya sakristia. Palikuwa na ndoo ya maji, sabuni, na kifurushi cha kanga. Alipokifungua nikaona gauni jeupe lenye maua madogo ya kufumwa, pindo kwa pindo kama lile nililovua. Baba alikuwa ameshona mawili.

Niliipokea Ekaristi siku ile nikiwa safi, na hakuna aliyejua. Nilipona kabisa mwaka uliofuata.

Wakati ule nilidhani gauni la pili lilishonwa kwa kuwa baba hakuniamini. Nilipolea wangu ndipo nilipoelewa kwamba alijua nitaanguka, na akakaa chini kwenye cherehani yake kunishonea mahali pa kuangukia. Baadaye alisimama kwenye jumuiya akasema alijisifu kwa mfungo wa mtoto aliyekuwa mgonjwa, na akaomba radhi. Nimemjua Mungu kupitia mafundisho mengi, lakini zaidi kupitia gauni lile.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Bwana akupe mikono isiyo na haraka. Mtoto wako akikuficha jambo la aibu, akujalie ulikute kabla hofu haijawa jiwe, na akubariki wewe na nyumba yako. Amina.