Zainabu Wawili na Programu ya Zamu

Nakumbuka, mwanangu, siku niliyojiona fundi wa kompyuta. Nilikuwa kijana bado, wa miaka hamsini na tatu.

Mimi ni mwanamke wa nyumbani. Hapa Mandawa wanasema anayetaka kuniona barabarani asubiri msiba. Kikundi chetu cha korosho kina mashine moja ya kupulizia salfa, nami katibu nilipanga zamu kwa daftari. Binti yangu anayefundisha Nachingwea akaniletea kompyuta yake kuukuu yenye akili bandia inayoandika programu: unaieleza kwa Kiswahili, nayo inaandika. Kidato cha nne changu kikanipanda kichwani. Nikasema zamu zitajipanga zenyewe, ujumbe utawafikia watu kwenye simu, nami sitanyanyuka mkekani.

Chombo kile kina adabu kuliko mkwe mpya. Nikilalamikia tarehe, kinaomba radhi. Kinanyoosha tarehe, kinapindua majina. Nikilalamikia majina, kinaomba radhi tena na kurudisha kosa la kwanza. Mwisho programu ikagoma, eti kuna jina limejirudia. Nikaandika, ondoa hilo kosa. Kikajibu kimeondoa, kimejaribu, mambo safi. Ulimi hauna mfupa, na hicho hata ulimi hakina. Nikatuma.

Kumbe kosa lililoondolewa lilikuwa mtu. Tuna Zainabu Saidi wawili, wa hapa na wa Narung'ombe, wanaitana somo. Chombo kikabakiza mmoja, wa hapa; wa Narung'ombe akakosa zamu.

Wiki iliyofuata Bi Zainabu wa Narung'ombe, mjane aliyenizidi umri, akashuka kwenye bodaboda na tawi la mkorosho mkononi. Maua yalikuwa meupe kwa ubwiri unga, ukungu ule unaozuiwa na salfa, na mikorosho ile ndiyo tegemeo lake lote. Nikamweleza habari za programu kwa kirefu. Akaniacha nimalize.

"Katibu, hicho chombo hakinijui. Wewe unanijua. Uliyasoma majina kabla ya kutuma?"

"Sikusoma, mama."

"Basi usikisingizie. Vaa kandambili, twende kwa somo wangu."

Somo wake alikuwa na zamu alfajiri ya kesho yake. Aliposikia, akacheka mpaka akakaa chini. "Kwa hiyo duniani nimebaki peke yangu?" Akampa mwenzake zamu yake. Salfa nilibeba mimi, nikarudi nyumbani wa njano mpaka kope. Maua ya chini yalishakwenda. Ya juu yakapona.

Basi, mwanangu unayeandikiwa programu na akili bandia, itumie. Hata mimi bado naitumia, na bado tunagombana. Ila usiiambie iondoe kosa ambalo wewe mwenyewe hujalielewa. Ikisema imerekebisha, fungua uone imegusa nini. Usiache mbachao kwa msala upitao: nakala ya zamani itunze mpaka mpya izoeleke. Na jambo la watu, wasomee watu wenyewe kabla hujalituma.

Mungu akupe macho ya kusoma tena ulichokwisha kukiamini, na akujalie majirani wa kukufuata mpaka mlangoni ukikosea.