Nilitumwa kumpeleleza muoaji wa mdogo wangu, mcheza hoki ya barafu wa Butiama

Wakuu, salamu kwa mliopo kazini na nyie mnaosoma huku bosi anapitapita.

Hii imenitokea mimi mwenyewe, sio rafiki yangu wala jirani. Nilichobadilisha ni majina tu. Sehemu nilizochemka nimeziacha hivyohivyo, mtaniona.

Mimi nauza spea za pikipiki hapa Musoma, Iringo. Kwa wasioijua hii biashara, kazi yake kubwa ni kutomwamini mtu. Unaletewa bearing ina boksi lake, ina nembo, ina hata harufu ya kiwandani, kumbe feki. Kwa hiyo nimezoea kukishika kitu, kukigeuza, kukikwaruza na ukucha. Mke wangu anasemaga hata chumvi ya nyumbani naionja mara mbili.

Sasa nina mdogo wangu wa kike, nitamwita Rhoda. Ni nesi, anafanya kazi Bunda. Baba yetu alishafariki, mambo yote ya ukoo anasimamia baba mkubwa, yuko Bugwema, huko ndio nyumbani.

Mwaka jana Rhoda akanipigia simu kwamba kuna mtu anataka kuja kujitambulisha. Nitamwita Magesa. Kwao Butiama. Walijuana pale hospitali, jamaa alimleta bibi yake kupimwa presha.

Nikamuuliza huyo Magesa anafanya kazi gani.

"Alikuwa mchezaji," akasema.

"Wa timu gani?"

"Ice hockey. Aliondoka hapa na mama yake akiwa na miaka mitano, akakulia ughaibuni. Alikuwa staa wa chuo chao, kaka. Kapteni kabisa."

Nilicheka mpaka mteja akaacha kuangalia cheni akaniangalia mimi. Mtu wa Butiama na barafu wapi na wapi. Barafu tunayoijua sisi ni ile ya kulalishia sangara pale mwaloni wanaposhusha samaki. Rhoda hakucheka, akakata simu.

Kwa wasio wa huku niwaeleze kidogo. Mtu akitaka kuoa kwenu, kabla wazee hawajakubali kukaa na upande wake, wanamtuma mmoja wa familia akapeleleze. Unaenda kwao kimyakimya. Unauliza majirani kama huo ukoo una wizi, una uchawi, una kifafa, kama wanapigaga wake zao. Sharti ni moja, muoaji mwenyewe humsogelei. Ukirudi unasema mbele ya wazee, na neno lako ndio linafunga kazi.

Baba mkubwa akanichagua mimi. Alisema, "Wewe hudanganyiki." Nilijisikia vizuri sana, siwafichi.

Nikaanza na picha. Rhoda alinitumia picha nyingi za jamaa enzi zake za college. Zote kavaa helmeti yenye wavu wa chuma mbele ya uso. Mabega mapana, magoti yamejaa madude. Sura huioni. Kinachosomeka ni namba na jina la ukoo mgongoni.

Nikamwambia Rhoda hata mimi ukinivalisha hivyo unaweza kusema ni mimi. Akanijibu kule chuoni ule wavu ni sheria, lazima kila mchezaji avae. Nikasema hiyo sheria nzuri sana kwa mtu anayetaka kudanganya.

Nikaenda Butiama. Nikajifanya natafuta ng'ombe wa maziwa. Jirani wa bibi yake Magesa, anakoishi jamaa, ni mama mmoja mcheshi, nilimkuta anaanika mihogo, na wala sikuhitaji kumbana.

Akaniambia kijana alirudi na begi kubwa linanuka mpaka bibi yake akaamuru litundikwe kwenye uzio nje. Ndani yake kuna mavazi kama ya kwenda vitani na viatu vina visu chini.

"Visu?"

"Visu, baba. Virefu hivi."

Akaendelea. Jamaa anavaa miwani nyeusi hata ndani ya nyumba. Akitaka kula anatoa meno ya mbele anayaweka kwenye kikombe. Kulikuwa na arusi hapo jirani, muziki ulipofunguliwa tu akaondoka, chakula hakijagawiwa. Mimi nikajiuliza ni mtu gani mwenye akili zake anaondoka kwenye arusi kabla ya pilau.

Yote niliyaandika kwenye simu. Pembeni nikaweka neno JELA, na alama ya kuuliza.

Kisha Bunda. Nikamtafuta bodaboda anayembebaga akija kumuona Rhoda. Ni mtu mzima, ana familia yake. Akasema, "Yule ni mpole sana, ila ananiulizaga jina langu kila wiki, na namjua tangu mwaka juzi." Akasema siku moja njiani jamaa alimwomba asimame, akashuka, akakaa kwenye nyasi ameshika kichwa kwa mikono miwili muda mrefu, halafu akapanda wakaendelea.

Nikafuta JELA. Nikaandika UNGA.

Nikarudi dukani, nikaingia mtandaoni nikaandika lile jina la mgongoni.

Wakuu, ilikuwa kweli. Ukurasa wa chuo upo, magoli yake yameorodheshwa, picha bila helmeti ipo na sura ni yenyewe kabisa, meno yote yapo. Kuna video amefunga dakika za mwisho, ukumbi mzima umesimama, watoto wa kizungu wameshika mabango yenye jina la babu wa ukoo wao, mzee mmoja wa Kizanaki aliyeishi akachunga mbuzi zake na kufa bila kuliona hata jokofu.

Nitasema ukweli, sikufurahi. Niliudhika. Nilishajiandaa kumkamata, sasa kitu kimetokea kuwa orijino. Ndio nikazidi kuchimba.

Nikakuta video za baada ya chuo, kwenye ligi ya kulipwa. Hapo hana wavu usoni. Anavua glavu, anazitupa chini, anamshika mwenzake shati anaanza kumpiga ngumi za uso. Marefa wanaangalia tu. Video nyingine hivyohivyo, na nyingine. Kwenye mojawapo yule mwingine anaanguka na barafu inakuwa na damu.

Nikasema nimempata.

Msije mkaniona mbaya mtupu. Huu mkoa wetu mnaujua, wanawake wanavyopigwa. Rhoda ndio mdogo wangu pekee, nimemsomesha kwa mkono wangu, na nilikuwa naogopa kweli siku ya kuitwa kwenda kumchukua uso umevimba. Ile hofu haikuwa ya kutunga.

Tukakaa kikao Bugwema. Nikatoa ripoti yote, visu, meno, miwani, kushika kichwa. Mwisho nikafungua ile video ya damu. Simu ikapita mkono kwa mkono. Baba mkubwa akaitazama mara mbili.

"Na hawa wanaoangalia wanapiga makofi?"

"Ndiyo, baba."

"Basi."

Mshenga wao akapewa jibu kwamba kwetu hakuna binti. Rhoda alikuwa jikoni, alisikia kila kitu. Alimaliza kuosha vyombo, akaita bodaboda akaondoka.

Kama wiki mbili hivi baadaye, saa sita mchana, naona Rhoda anaingia dukani. Nyuma yake yupo Magesa, ameinama mlangoni asigonge kichwa.

Rhoda akasema, "Kaka, umeuliza Butiama nzima, umeuliza mpaka bodaboda. Huyu hapa. Muulize." Akatoka akaenda kukaa kwa mama lishe ng'ambo ya barabara, akatugeuzia mgongo.

Jamaa akaniamkia, "Shikamoo kaka." Kiswahili chake kina Kizanaki cha bibi yake na Kiingereza katikati. Alivua miwani kwa heshima, nikaona macho yanampa shida na ile taa ya tubu. Nikaizima.

Mimi ninayejua kuhoji, nikaanza na la kijinga. Nikauliza habari ya meno.

Akacheka. Kile kidude cheusi wanachopiga na magongo ni kigumu, kilimpata mdomoni mwaka wake wa kwanza kwenye ligi ya kulipwa. Visu ni vya kutelezea, na begi linanuka kwa sababu ni jasho la miaka mingi, hajaweza kulitupa. Aliniambia ziwa la nyuma ya nyumba waliyohamia na mama yake lilikuwa linaganda mpaka gari linapita juu, ndipo alipojifunzia. Nikamuuliza mara mbili kama ni gari kweli. Akasema hata lori dogo.

Nikamuuliza habari ya ngumi.

Akasema chuoni hakuwahi kupigana hata siku moja, kule ukipigana unatolewa na mechi inayofuata huchezi. Hapo ndio nikakumbuka, kweli, katika video zote za chuo sikuona ngumi. Chuoni kazi yake ilikuwa kufunga. Alivyoenda kwa wanaolipwa, kocha akamwangalia mwili wake akamwambia, "Wafungaji ninao. Wewe utawalinda." Kumbe kule kuna mtu wa kazi hiyo. Mwenzako akichezewa vibaya, wewe unaenda kumpiga aliyemchezea.

"Nilitaka kucheza, kaka. Nikasema nitawalinda mpaka wanione tena."

Hawakumuona. Alipigana misimu miwili. Siku ya mwisho alipigwa, akazinduka kwenye chumba cha kubadilishia nguo anauliza mama yake amekaa siti gani. Mama yake alikuwa amezikwa mwaka mmoja kabla.

Daktari akamwambia asicheze tena. Akarudi kwa bibi yake. Mwanga unamuumiza, kelele zinamuumiza, majina yanatoroka. Kwenye arusi aliondoka kwa sababu ya spika. Ile siku ya barabarani kilikuwa kichwa tu, wala hajawahi kuonja unga maishani mwake.

Nikamuuliza kama amewahi kumpiga mtu nje ya uwanja.

"Hapana."

"Kwa nini hukusema haya yote mapema?"

Akatoa bahasha. Ndani kuna barua ya daktari wake, kurasa tatu, na nyuma yake tafsiri ya Kiswahili kwa mwandiko wa Rhoda. Alikuwa ameiandaa aisome mwenyewe mbele ya wazee wetu siku ya kuitwa. Bibi yake alimkataza kuongea chochote kabla ya kuitwa, kwamba huo ndio utaratibu wa huku. Yeye mtu wa kuja, akafuata.

Kwenye ile barua imeandikwa kwamba anaweza kubaki hivi alivyo, na anaweza akizeeka kusahau zaidi. Hawajui.

Akaniambia, "Rhoda anajua yote. Nilitaka na nyinyi mjue. Nikija kusahau sana, asiwe peke yake."

Wakuu, niliishika ile barua nikaigeuza nyuma na mbele. Sikupata pa kukwaruza. Nilijisikia mdogo sana, na dukani kwangu mwenyewe.

Jumamosi nikafunga duka nikaenda Bugwema. Nikamweleza baba mkubwa kila kitu, nikamwambia nilikosea, ngumi ilikuwa kazi aliyopewa, kichwa kinamuuma ni ugonjwa, na ugonjwa wenyewe hajauficha.

Baba mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Amekupa nini?"

Nikasema hajanipa kitu.

"Mwezi uliopita ulituonyesha damu. Leo ni mgonjwa mpole. Amekupa nini?"

Akamgeukia baba mdogo aliyekuwepo pale, akatingisha kichwa. Nilikuwa naijua ile sura aliyoniangalia nayo. Ni sura ninayowaangaliaga nayo mimi watu wanaoniletea bearing.

Nikamuomba basi amwite Magesa amuulize mwenyewe, barua ipo.

"Muoaji haulizwi habari zake," akasema. "Ndio maana tulikutuma wewe."

Na hilo ni kweli.

Nilichojifunza sitakipamba. Nilijipa sifa ya kutodanganywa, na kweli hakuna aliyenidanganya. Jirani alisema kweli, bodaboda alisema kweli, video ni za kweli. Uongo niliutengeneza mimi kwa kuziunganisha hizo kweli, nikaupeleka kwa wazee, na sasa hawataki kuuachia.

Rhoda tunaongea kidogo. Aliniuliza jambo moja tu, kama siku ile kikaoni niliwaambia wazee kwamba chuoni Magesa hakuwa anapigana. Nikasema wakati ule nilikuwa sijaligundua. Akasema, "Video uliziangalia." Nilizitazama, wakuu. Niliiona ile ya goli la mwisho kabla ya zile za ngumi, na sikuwafungulia.

Jumapili hii naenda na Magesa Bugwema. Yeye hajaitwa, na mimi safari hii sijatumwa. Nitakaa upande wake wa mkeka.

Kama kuna aliyewahi kutumwa upelelezi akapeleka neno baya, halafu akataka kulirudisha, naomba aniambie alianzaje kuongea. Na mnaotaka kuandika hapo chini kwamba nimehongwa, andikeni tu, mtakuwa mmemsaidia baba mkubwa.